Mdogo Wangu, Acha Kuongeza Oili, Badilisha Mpira

Wadogo zangu, leo naongea na wenye magari ya zamani, hasa nyie wa Corolla AE110 na wenzake wa miaka ya 1990, ambao kwenye buti hamkosi chupa ya oili ya stelingi. Kila wikiendi unafungua boneti, unaongeza kidogo, unafunga, unaondoka. Naomba tuache hiyo tabia. Oili ya stelingi haiungui kama petroli. Inazunguka humo humo ndani miaka na miaka. Ikipungua ujue imetoka, na mahali ilipotokea hapajizibi penyewe.

Na hizo dawa za kuziba zinazouzwa kwenye vichupa, zinalainisha na kuvimbisha sili tu. Mpira uliopasuka hauponi kwa dawa.

Wenye Vitz, IST na Passo mnaweza kupumzika. Usukani wenu unasaidiwa na mota ya umeme, hauna oili wala mpira wa kuvuja. Sisi wengine tuna pampu inayozungushwa na mkanda wa injini. Pampu hiyo inavuta oili kwenye kopo, lile unaloongezea oili, na kuisukuma hadi kwenye reki, lile bomba refu la chuma lililolala chini, nyuma ya injini, linalogeuza matairi. Oili ikishafanya kazi yake inarudi koponi taratibu kwa njia nyingine. Kwa hiyo kuna mpira wa kupelekea na mpira wa kurudishia, na mpaka utakapoweza kuitofautisha kwa macho, usishike spana.

Wa kurudishia ni mpira mtupu, ncha zake zimebanwa kwa klipu. Kama kopo limekaa mbali na pampu, utakuta na mpira mwingine mfupi wa kunyonyea, nao una klipu. Wa kupelekea una paipu za chuma kwenye ncha zake, na pale chuma kinapokutana na mpira pamebanwa kwa mashine. Tairi la gari dogo tunalijaza upepo wa kama 30 psi. Ndani ya mpira wa kupelekea, ukikata usukani hadi mwisho, presha hukaribia 1,000 psi, na kwenye magari mengine huzidi hapo. Ndiyo maana nakasirika nikiona mtu amekata mpira wa presha uliovuja, akachomeka kipande cha bomba katikati, akabana na klipu mbili. Hiyo itafumuka, na itafumuka siku unapokata kona kwa nguvu, maana ndipo presha inapopanda.

Ikitokea oili imekwisha ghafla barabarani, usipaniki. Usukani bado umeungana na matairi, ila umekuwa mzito sana. Ushike kwa mikono miwili, punguza mwendo, toka pembeni. Usilazimishe kufika nyumbani, kwa sababu pampu ikizunguka bila oili inajisaga, na bei ya pampu na bei ya mpira haziko pamoja hata kidogo. Kuna na hili la moto: oili hiyo ikidondokea ekzosi iliyochemka inafuka moshi, na inaweza kuwaka. Ukianza kusikia harufu ya oili inayoungua, gari lisitoke hapo lilipo.

Sasa tutafute panapovuja. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha. Oili ya stelingi kwenye Toyota nyingi za rika hilo ni ATF, ile ile ya gia za otomatiki, na rangi yake ni nyekundu, ikizeeka inaelekea kahawia. Maji yasiyo na rangi huwa ni ya kiyoyozi, hayo achana nayo. Kisha osha eneo la pampu, mipira na reki, likauke, uwashe injini na umwombe mtu azungushe usukani wewe ukiangalia kwa tochi. Anza kuangalia juu, kwa sababu oili hushuka na kukudanganya. Tone unaloliona kwenye reki huenda limeanzia kwenye ncha ya mpira kule juu.

Hapa nisikilize vizuri. Usipitishe mkono kupapasa mpira wakati injini inaunguruma. Oili ikitoka kwenye tundu dogo kwa presha ile inapenya ngozi. Kidonda kinaonekana kama umechomwa na pini, mwanzoni hakiumi sana, kumbe ndani oili imesambaa na nyama imeanza kuharibika. Yakikutokea, nenda hospitali saa hiyo hiyo na umweleze daktari wazi kuwa oili imeingia mwilini kwa presha. Mara nyingi inahitaji upasuaji, na ukichelewa unaweza kupoteza kidole au mkono. Ukitaka kujua oili inarukia wapi, pitisha kipande cha boksi, na macho yawe na miwani.

Ukikuta mipira yote mikavu ila zile raba zenye mikunjo kwenye ncha za reki zimejaa oili, basi sili za reki ndizo zimekwisha. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vyake, na mpira mpya hautakusaidia kitu.

Kwenye kununua, nina msimamo mmoja na siubadilishi: mpira wa presha usinunue wa mtumba. Bodi, taa, vioo, sawa. Lakini raba inazeeka hata ikiwa imekaa stoo, na hiyo iliyotoka kwenye gari lililokatwa ina umri ule ule wa huo unaoutoa. Nenda Gerezani kama uko Dar, au Kirinyaga Road kama uko Nairobi, ukiwa umebeba namba ya chesi na mpira wa zamani mkononi. Ukikosa mpya wa gari lako, tafuta wale wanaotengeneza hozi za haidroli za malori na makatapila. Wanakata raba iliyochoka, wanabakiza ncha zako za chuma, wanabana raba mpya kwa mashine. Waambie ni ya stelingi, wakupe raba inayostahimili oili, joto na presha hiyo. Mpira wa kurudishia nao usiwe bomba la maji. Raba ya maji inalainika ikikutana na oili. Nunua na washa mpya, nitakwambia ni za nini.

Siku ya kazi, gari liwe limepoa na limesimama sakafu ngumu. Matairi ya nyuma yazuie, vuta handbreki, nyanyua mbele kwa jeki, kisha gari likae juu ya stendi za chuma, upande na upande. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ukiona huna stendi na unaangalia matofali, ahirisha mpaka utakapoazima, kwa sababu tofali hupasuka bila kutoa taarifa na wewe uko chini.

Nyonya oili koponi kwa bomba la sindano, weka beseni chini. Ukianza na mpira wa kurudishia utaona kazi yenyewe ni klipu, kuuzungusha mpira kidogo uachie, na kuuvuta. Wa kupelekea una subira yake. Kwenye pampu mara nyingi umefungwa kwa bolti yenye tundu ndani, yenye washa juu na chini. Washa hizo za shaba au alumini ndizo zinazozuia oili, na zikishabanwa mara moja zimeshakaa umbo, kwa hiyo weka mpya kila unapofungua. Kwenye reki kuna nati ya paipu. Ipulizie dawa ya kutu mapema, hata jana yake, na usiishike kwa spana flati ya kawaida. Tumia ile spana ya nati za paipu za breki, yenye ringi iliyoachwa pengo la kupitisha paipu. Inashika nati karibu pande zote. Flati itakula kona za nati, na hapo utaingia kwenye matatizo ya kutafuta reki nzima.

Kabla hujafunga mpira mpya, ulaze sambamba na wa zamani: urefu, mikunjo, ncha. Ikitofautiana, rudi dukani. Anza nati zote kwa vidole mpaka ziingie zenyewe mizunguko kadhaa, ndipo ulete spana. Mpira upite njia ile ile ya zamani, urudishe na vishikio vyake, usigusane na ekzosi wala mkanda.

Wengi wanaharibia kwenye kutoa upepo. Jaza oili iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo au kwenye kitabu cha gari. Corolla hizi zinatumia ATF ya daraja la Dexron II au III, Honda wana oili yao wenyewe, na oili ya breki isiingie humo kabisa maana inaharibu sili. Matairi ya mbele yakiwa bado hewani na injini imezimwa, zungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tena na tena, huku mwenzako akiongeza oili kila inaposhuka. Mapovu yakipungua, washa injini, iache kwenye sailensa, uzungushe tena polepole. Ukifika mwisho usiushikilie hapo, urudishe. Oili ikiwa na rangi ya maziwa au pampu ikilia kama inaguna, bado kuna upepo. Zima, acha povu litulie, rudia.

Shusha gari, futa kila mahali kuwe kukavu, endesha karibu na nyumbani, kisha tazama ncha zote kwa tochi. Tazama tena baada ya siku mbili tatu, pamoja na alama ya oili koponi. Oili uliyoitoa mpelekee fundi wa gereji anayekusanya oili chafu, usiimwage mtaroni.