Mama Mjamzito, Jiandae kwa Uchungu

Kiungulia kikikusumbua, kula kidogo kidogo, na usilale mara tu baada ya kula. Miguu ikivimba, iinue unapoketi. Lakini uso au mikono ikivimba, kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, nenda hospitalini mara moja: huenda ni shinikizo la damu.

Uchungu ukianza, tembea, badilisha mkao, pumua polepole, na mwenzako akusugue kiuno. Usinywe dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu. Zinaweza kupasua mfuko wa uzazi.

Panga usafiri mapema. Uchungu ukija kwa mpangilio, shika njia. Ukitokwa na maji au damu, usingoje uchungu. Beba kijitabu chako cha kliniki.