Usukani unatangatanga baada ya kuinua gari

SWALI: Niliinua springi za Land Cruiser 79 yangu kwa sentimita 5 ili ipite kwenye tope la mbuga kule Meatu. Sasa nikirudi Bariadi kwenye lami, usukani unatangatanga. Nikaze boksi ya stelingi?

JIBU: Hapana, boksi usiiguse! Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili. Gari likipanda, mikono inainama, ekseli inajizungusha, na kasta, yaani ule mlalo wa kuelekea nyuma wa mhimili wa kugeuzia magurudumu, unaoyarudisha katikati, inapungua. Weka bushi za kasta zenye tundu lililo kando ya kitovu. Msimamie fundi: zikigeuzwa, hali inazidi kuharibika. Fimbo ya Panhard, ile inayounganisha ekseli na chesisi kwa upana, nayo imevuta ekseli pembeni. Tafuta inayorekebishika urefu. Kisha pima alaimenti gari likiwa na mzigo wako wa kawaida.