Ukichimba shimo la choo Kasongo, soma ukuta wake

Jina la Tongoni, karibu na Kasongo nchini Kongo, ni ushahidi tosha kwamba hapo palikuwa na mji. Tongo ni mahali palipohamwa, nyumba zikaanguka na majani yakaota. Upande huo ulikuwa mji wa Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara ya pembe za ndovu na watumwa, aliyejiimarisha Kasongo miaka ya 1870; jeshi la Dola Huru ya Kongo, chini ya ofisa Dhanis, liliuteka Aprili 1893. Kasongo ya leo imejengwa mbali kidogo. Wanaakiolojia wameshafanya kazi Tongoni, na mwaka 2020 walieleza utafiti wao katika jarida la Antiquity.

Lakini kila mwenye kiwanja anayechimba kisima, choo au msingi anafungua ukurasa uleule wa historia. Kabla hujaziba shimo, shuka kwa uangalifu (likiwa refu na udongo ni mlegevu, usishuke), kwangua upande mmoja kwa mwiko wa mwashi hadi unyooke, kisha unyunyizie maji kidogo. Rangi zitajitokeza. Chini kabisa mara nyingi utakuta udongo mwekundu usioguswa na mtu. Juu yake soma ukipanda: utando mwembamba uliokanyagwa ukawa mgumu ni sakafu, udongo mweusi wenye majivu, mifupa na vigae ni jaa, mabonge ya udongo wa tofali ni ukuta ulioanguka, udongo mweusi uliochanganyika sawasawa, bila mistari, huenda ni shamba lililolimwa miaka mingi.

Hapa wengi hukosea. Mtu akiona sarafu moja ya zamani, tayari ameshatangaza umri wa kiwanja kizima. Tabaka haliwezi kuwa la kale kuliko kitu kipya kabisa kilichozikwa ndani yake: likiwa na kipande cha plastiki, ni la juzi, hata kama lina shanga za wakati wa misafara. Tazama pia kama kuna shimo la zamani lililokata matabaka. Utaliona kwa kingo zake na kujaa kwake kifusi cha kila aina.

Mkaa, ambao wengi huutegemea kupima umri, hausaidii sana kwa karne ya 19: kipimo cha kaboni hutoa miaka mingi inayowezekana kwa kipindi hicho. Bora sarafu. Pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ina picha ya mizani. Zile za shaba za Dola Huru ya Kongo, kuanzia 1887, zina tundu katikati.

Hata udongo usio na kitu husema. Songo Mnara, karibu na Kilwa, watafiti walipima kemikali za udongo wa viwanja kati ya nyumba za mawe ili wajue kazi zilizofanyika pale.

Kabambare, kituo cha zamani cha njia ya misafara kutoka Ziwa Tanganyika, ni pagumu zaidi kusoma, maana wachimbaji wa dhahabu wamepindua udongo sehemu nyingi. Penye kifusi chao usisome kitu. Tafuta kiwanja ambacho hakijaguswa.

Piga picha ukuta ukiwa na fimbo yenye alama za sentimita, andika kila kitu kilitoka kina gani, na usichanganye matabaka mfukoni. Ukikuta mifupa ya mtu, acha kuchimba, funika, na umwarifu msimamizi wa teritwari. Sheria ya mwaka 1971 inalinda mali za utamaduni, na waliozikwa hapo huenda hawakufika Kasongo kwa hiari yao.