SOMO LA NYUMBA: KUTIA KIOO KIPYA DIRISHANI

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Dirisha lililovunjika kioo ni ufa wa namna hiyo. Wakulima wengi wa Meru na Embu wamejenga nyumba nzuri za mawe, matofali au mbao, na kuzitia madirisha ya vioo. Lakini ukipita katika makazi, toka Timau penye baridi mpaka nchi ya joto ya Mbeere na Mwea, utaona madirisha yaliyozibwa kwa gunia, kwa katoni au kwa kipande cha bati. Mwenye nyumba husema, "Nitaita fundi baada ya mavuno." Mavuno huja na kupita, na gunia liko pale pale.

Ndugu mkulima, kazi hii waweza kuifanya mwenyewe kwa nusu siku. Haitaki elimu kubwa. Yataka kipimo sahihi, mikono yenye uangalifu, na subira ya kungoja puti ikauke.

HASARA YA KIOO KILICHOVUNJIKA

Hasara ya kwanza ni mahindi. Wakulima wengi huweka magunia ndani ya nyumba, mara nyingi chini ya dirisha. Mahindi ya kuwekwa ghalani yapaswa kukauka mpaka unyevu usizidi sehemu 13.5 katika 100. Mvua ya Oktoba mpaka Desemba, au ile ya Machi mpaka Mei, ikipenya dirishani usiku mmoja tu, gunia lililokauka vema hulowa tena, na ukungu huanza kuota. Ukungu wa namna fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 walijulikana kupatwa na sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Waliochunguza jambo hilo waliona kwamba mahindi yaliyowekwa nyumbani yakiwa na unyevu yalikuwa chanzo kikubwa.

Hasara ya pili ni afya. Huko chini, hasa karibu na mashamba ya mpunga, mbu huingia kwa tundu hilo na kuleta malaria. Huko juu, baridi ya Juni mpaka Agosti huwakuta watoto na wazee kitandani.

Hasara ya tatu ni mwizi. Mkono mmoja ukipita penye kioo kilichovunjika, hufungua komeo ya dirisha bila kelele.

TAFUTA SABABU KWANZA

Usiweke kioo kipya kabla ya kujua kilichovunja kile cha zamani, maana hata kipya kitavunjika vivyo hivyo. Sababu za kawaida ni hizi:

(a) Upepo kubamiza dirisha. Tazama kile chuma kinachoshika dirisha likiwa wazi. Kama kimelegea au kimepotea, kitengeneze kwanza.

(b) Kutu. Chuma kikipata kutu huvimba. Kutu ikiingia kati ya fremu na kioo husukuma kioo mpaka kipasuke, hata kama hakuna aliyekigusa. Hii ndiyo sababu madirisha ya chuma yasiyopakwa rangi hupasuka vioo pembeni.

(c) Kioo kilichokatwa kikubwa mno. Kioo kikibanwa sana katika fremu hakina nafasi ya kutanuka wakati wa jua, nacho hupasuka.

(d) Jiwe au mpira. Hapa dawa ni kuwaonya watoto, na kufyeka majani kwa kuelekea mbali na nyumba.

VYOMBO VINAVYOTAKIWA

Glavu nzito, viatu vya kufunika mguu, na miwani ya kukinga macho, patasi kuukuu na nyundo ndogo, koleo, tepu ya kupimia, kisu cha puti, au kisu kipana kisicho kikali, msasa na brashi ya waya, brashi ya rangi, misumari midogo isiyo na vichwa kwa dirisha la mbao, au vibanio vidogo vya chuma kwa dirisha la chuma, rangi ya kwanza, puti, na kioo chenyewe.

Ukienda kununua puti, mwambie mwenye duka kama dirisha lako ni la mbao au la chuma. Puti ya mbao hutengenezwa kwa unga wa chokaa na mafuta ya kitani, nayo hukauka vizuri kwa sababu mbao hunyonya sehemu ya mafuta. Chuma hakinyonyi mafuta, kwa hiyo kina puti yake. Ukitia puti ya mbao katika chuma, itakaa laini muda mrefu na kuku wataidonoa.

KUONDOA KIOO KILICHOVUNJIKA

Fukuza watoto, mbwa na kuku. Tandaza gunia au turubai chini ya dirisha, ndani na nje. Kisha pika uji mzito wa unga, upake karatasi za gazeti, na uzibandike juu ya kioo kilichopasuka. Zikikauka zitashika vipande visidondoke ovyo.

Vaa glavu na miwani. Anza kutoa vipande vya juu, halafu ushuke. Usianze chini, kwa maana kipande cha juu kitakuangukia mkononi kama panga. Kipande kinachokataa usikivute kwa nguvu. Ondoa puti yake kwanza.

Puti ya zamani huwa ngumu kama jiwe. Igonge kwa patasi na nyundo kidogo kidogo, ukitazama usichimbe mbao. Ng'oa kwa koleo misumari au vibanio vilivyofichwa ndani yake. Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo ilowanishe kwa maji kabla ya kuikwangua, ili vumbi lisiruke, nawe unawe mikono kabla ya kula.

Hesabu vipande na uvitie vyote katika kopo lenye kifuniko. Usivitupe katika shimo la mboji wala penye majani ya ng'ombe. Kipande kimoja katika samadi chaweza kumkata jembeni mama aliye pekupeku miaka mitatu baadaye, na ng'ombe akikimeza huumia tumboni. Kifukie kile kopo katika shimo refu la takataka, mbali na shamba.

Mtu akikatwa, bonyeza kidonda kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Kipande kilichoingia ndani sana usikichomoe. Bonyeza pembeni mwake, umpeleke mgonjwa zahanati. Huko aulize pia kuhusu sindano ya pepopunda.

KUTAYARISHA FREMU

Dirisha la mbao: sugua kwa msasa kile kidaraja kidogo ambamo kioo hukaa, kisha upake rangi ya kwanza. Usiruke hatua hii. Mbao kavu isiyopakwa hunyonya mafuta yote ya puti, na puti huwa kama udongo mkavu, hupasuka na kuanguka.

Dirisha la chuma: ondoa kutu yote kwa brashi ya waya mpaka uone chuma cheupe, kisha upake ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Iache ikauke kabisa.

KUPIMA

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Pima toka ndani ya kidaraja cha upande mmoja mpaka ndani ya kidaraja cha upande wa pili. Pima upana mara tatu: juu, katikati na chini. Pima urefu mara tatu: kushoto, katikati na kulia. Chukua kipimo kilicho kidogo, kisha upunguze milimita 3 katika upana na milimita 3 katika urefu, ili kioo kipate nafasi ya kutanuka.

Mfano: upana ni milimita 302, 300 na 301. Kilicho kidogo ni 300. Ondoa 3, yabaki 297. Urefu ni 452, 450 na 451. Kilicho kidogo ni 450. Ondoa 3, yabaki 447. Basi kioo chako ni milimita 297 kwa 447.

Halafu pima toka pembe hadi pembe, njia zote mbili. Vipimo viwili vikitofautiana sana, fremu imepinda. Hapo kata katoni ikae sawasawa katika fremu bila kubanwa, uende nayo dukani iwe kiolezo.

KUNUNUA NA KUCHUKUA

Kwa dirisha dogo la vioo vingi, kioo cha unene wa milimita 3 chatosha. Kwa kioo kikubwa, au mahali pa upepo mwingi kama Timau, taka cha milimita 4. Mwombe mwenye duka akikate yeye, kwa kuwa ana chombo na meza. Kikivunjika mezani kwake, hasara si yako.

Mahali pengi kioo huuzwa kwa futi mraba. Ili usidanganyike, fanya hesabu yako mwenyewe: zidisha upana kwa urefu kwa sentimita, kisha ugawanye kwa 929. Katika mfano wetu, 29.7 mara 44.7 ni karibu 1,328. Ukigawanya kwa 929 utapata futi mraba 1.43, yaani karibu moja na nusu.

Safarini, kioo husimamishwa kwa ukingo wake, hakilazwi. Kifunge kwa magazeti na gunia, ukiegemeze mahali pasipo mtikiso. Usikibebe mbele ya kifua juu ya pikipiki. Pikipiki ikianguka, kioo hicho ni kisu.

KUTIA KIOO

1. Kanda puti mikononi mpaka ilainike kama unga wa chapati. Ikinata sana, ikande juu ya gazeti linyonye mafuta kidogo. Ikiwa kavu, ongeza tone la mafuta ya kitani.

2. Bandika puti kuzunguka kidaraja chote, unene wa milimita 3 hivi. Hiki ndicho kitanda cha kioo. Kioo kisiguse mbao wala chuma mahali popote.

3. Weka ukingo wa chini wa kioo kwanza, kisha usukume juu taratibu. Bonyeza pembeni tu, pande zote nne, mpaka puti itokeze upande wa ndani. Usibonyeze katikati kamwe.

4. Shika kioo kwa misumari midogo, kila baada ya sentimita 20 hivi. Telezesha nyundo juu ya kioo, usiinue. Kwa chuma, rudisha vibanio katika matundu yake.

5. Tia puti ya nje, uisawazishe kwa kisu kilicholowanishwa maji, iwe na mteremko toka kwenye kioo kwenda nje, ili maji ya mvua yatiririke. Puti isionekane ndani kupita ukingo wa fremu.

6. Kata puti iliyotokeza ndani. Acha dirisha limefungwa, lisibamizwe.

KUNGOJA NA KUPAKA RANGI

Puti yataka wiki moja mpaka mbili kupata ngozi ngumu. Iguse kwa kidole. Isipobonyea, ipake rangi. Usingoje zaidi ya mwezi. Rangi ipite juu ya puti na kuingia milimita 2 juu ya kioo, maana ufa ule mwembamba ndio mlango wa maji. Kwa hiyo yafaa kufanya kazi hii katika miezi mikavu, kabla ya mvua ya Machi au ya Oktoba.

KAMA FEDHA HAZIJAPATIKANA

Usiache tundu wazi. Pigilia karatasi nzito ya nailoni kwa fito za mbao, upande wa nje, na usogeze magunia ya mahindi mbali na ukuta, juu ya mbao.

ONYO LA MWISHO

Nyumba ikiisha kuzibwa vizuri, hewa hupungua. Usiingize jiko la makaa chumbani ili kujipasha joto usiku wa Julai. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, na jamaa nzima yaweza kulala isiamke. Kioo ni cha kuleta mwanga na kuzuia mvua. Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta yaachwe wazi siku zote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini twapunguza milimita 3 katika vipimo?
2. Mbao isiyopakwa rangi ya kwanza huifanya nini puti?
3. Vipande vya kioo hutupwa wapi, na visitupwe wapi?
4. Upana wa fremu ni milimita 405, 403 na 404. Utaagiza kioo cha upana gani?

Jibu la swali la nne ni milimita 400. Majibu mengine yatafute katika somo hili, na umsomee jirani ambaye dirisha lake lingali na gunia.