Mtoto Mlangoni mwa Shule: Kufundisha Tafsiri ya Sheria kwa Kesi ya Plyler dhidi ya Doe

UTANGULIZI

Katika somo la Uraia zimo mada mbili zinazomtaabisha mwalimu kuliko nyingi nyinginezo. Ya kwanza ni kazi ya mahakama katika kutafsiri sheria. Wanafunzi huiona mada hii kuwa kavu, huikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huisahau. Ya pili ni mabishano ya kisiasa juu ya wageni walioingia nchini bila kibali. Hii nayo haina ukavu hata kidogo. Huwasha darasa kwa haraka, na mara kipindi hugeuka kuwa zogo ambalo mshindi wake ni mwenye sauti kubwa.

Makala haya yanapendekeza kwamba mada hizi mbili zifundishwe pamoja, kwa kutumia kesi moja ya kweli. Mabishano huipa tafsiri ya sheria uhai, na tafsiri ya sheria huyapa mabishano nidhamu.

Kosa linaloonekana sana katika kazi za wanachuo ni kudhani kwamba jaji akiamua kwa faida ya mgeni, basi anawapenda wageni; na akiamua kinyume, basi anawachukia. Mwenye mawazo haya huiona mahakama kuwa bunge dogo lenye majoho. Shabaha ya somo hili ni kumwezesha mwanafunzi kutenganisha maswali matatu: Jambo gani ni jema? Sheria inasema nini? Ni nani mwenye mamlaka ya kuamua?

KISA CHENYEWE

Kesi tuliyoichagua ilitokea Marekani, nayo inatufaa walimu kwa sababu inahusu mlango wa shule. Mwezi Mei 1975 Bunge la jimbo la Texas lilirekebisha sheria yake ya elimu. Kwa marekebisho hayo, fedha za jimbo hazikuruhusiwa kutumika kuwasomesha watoto ambao hawakuingia Marekani kihalali, na wilaya za shule zilipewa ruhusa ya kukataa kuwaandikisha. Katika mji wa Tyler, uongozi wa shule ulianza mwaka 1977 kuwatoza watoto hao karo ya dola 1,000 kwa mwaka kila mmoja. Kwa familia zao, zilizotoka Mexico na zenye kipato kidogo, kiasi hicho kilikuwa sawa na kufungiwa mlango.

Mwezi Septemba 1977 kesi ilifunguliwa kwa niaba ya watoto hao. Kwa kuwa wazazi wangeweza kufukuzwa nchini endapo wangetambuliwa, majina yao yalifichwa, wakaitwa kwa jina la kubuni, Doe. Upande wa pili alikuwako mkuu wa shule za wilaya hiyo, James Plyler. Jaji William Wayne Justice wa mahakama ya shirikisho alitoa hukumu mwaka 1978 kwa faida ya watoto, na mahakama ya rufani ikakubaliana naye. Hatimaye, tarehe 15 Juni 1982, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua vivyo hivyo, lakini kwa kura 5 dhidi ya 4.

Mwalimu asitaje hukumu hii mwanzoni. Aeleze kisa hadi kufikia mlango wa Mahakama ya Juu, kisha anyamaze. Wanafunzi wakijua mapema nani alishinda, watatafuta sababu za kumsifu mshindi, wala hawatafikiri.

Somo linahitaji vipindi viwili vinavyofuatana. Vifaa ni ubao, chaki, na karatasi ndogo za kuandikia sentensi.

HATUA YA KWANZA: KUSOMA MANENO YA SHERIA

Kesi iliegemea Rekebisho la Kumi na Nne la Katiba ya Marekani, lililopitishwa mwaka 1868 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu aeleze yaliyomo kwa lugha nyepesi: jimbo lisipunguze haki za raia wa Marekani, lisimnyime mtu yeyote uhai, uhuru au mali bila kufuata utaratibu wa sheria, wala lisimnyime mtu yeyote aliye ndani ya mamlaka yake ulinzi sawa wa sheria.

Agawe ubao pande mbili. Upande mmoja aandike neno RAIA, na wa pili aandike neno MTU. Wanafunzi waseme ni kifungu gani kinaingia upande gani. Baada ya dakika chache wataona wenyewe kwamba waandishi wa sheria hiyo walitumia neno “raia” mahali pamoja na neno “mtu” mahali pengine. Ndipo mwalimu aulize: Je, tofauti hii ina maana?

Hoja ya Texas ilikuwa kwamba aliyeingia kinyume cha sheria, ingawa ni mtu, hayumo “ndani ya mamlaka” ya jimbo. Swali hili wapewe wanafunzi walijadili wawili wawili. Wakikwama, mwalimu awasaidie kwa swali jingine: mtu huyo akiiba sokoni mjini Tyler, je, polisi wa Texas watamwacha kwa kuwa hayumo ndani ya mamlaka yao? Jibu li wazi, na ndilo wazo alilolitumia Jaji William Brennan alipoandika hukumu ya walio wengi. Mtu anayewajibika kutii sheria za mahali yumo pia ndani ya ulinzi wake.

Hapa ndipo pa kuwaeleza pia juu ya hukumu zilizotangulia. Mwaka 1886, katika kesi ya Yick Wo, Mahakama hiyo hiyo iliwalinda Wachina wenye dobi mjini San Francisco, ambao hawakuwa raia. Kanuni ya mji ilihusu majengo ya mbao, wala haikutaja taifa la mtu; lakini Wachina walinyimwa vibali huku karibu waombaji wengine wote wakipewa. Basi neno “mtu” lilikuwa limekwisha kupewa maana karibu miaka mia kabla ya kesi ya Texas.

Jambo moja lisisitizwe. Majaji wote tisa, hata wale wanne waliopinga hukumu, walikubali kwamba kifungu hicho kinawahusu pia walioingia bila kibali. Mgawanyiko wao ulianzia mbele ya hapo. Mwanafunzi akilifahamu hili, amekwisha kujifunza kwamba watu wanaweza kukubaliana juu ya maana ya neno na bado wakatofautiana juu ya matokeo yake.

HATUA YA PILI: SABABU ZA PANDE ZOTE MBILI

Ulinzi sawa hauna maana kwamba sheria haiwezi kamwe kuwatofautisha watu. Leseni ya udereva hunyimwa mtoto, wala hakuna anayelalamika. Swali ni hili: Sababu ya kutofautisha iwe nzito kiasi gani?

Mwalimu agawe darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lipewe hoja za walio wengi. Brennan alikiri kwamba elimu haikuwa haki ya msingi iliyotajwa na Katiba ya Marekani; Mahakama ilikwisha kusema hivyo mwaka 1973 katika kesi nyingine iliyotoka Texas. Hata hivyo, alisema, elimu si msaada wa kawaida tu wa serikali, kwani asiyejua kusoma hubaki na alama hiyo maisha yake yote. Tena watoto hawa hawakuchagua kuvuka mpaka. Kwa hiyo jimbo lilipaswa kuonyesha lengo lenye uzito. Texas ilitoa sababu tatu: kuzuia wimbi la wahamiaji, kulinda ubora wa shule, na kwamba watoto hao huenda wasibaki jimboni kulitumikia. Mahakama ilijibu kwamba watu hao walifuata kazi, si shule za bure. Kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa kuwatoa watoto hao kungeinua ubora wa elimu. Na kwamba wengi wangebaki nchini, ila wangebaki wakiwa wajinga.

Kundi la pili lipewe hoja za walio wachache, zilizoandikwa na Jaji Mkuu Warren Burger. Hizi ndizo kiini cha somo. Burger alisema wazi kwamba, kama kazi ya majaji ingekuwa kupanga sera ya taifa, angekubali bila kusita kuwa ni upumbavu kuwanyima watoto elimu. Lakini, alishikilia, upumbavu wa sheria haufanyi sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba. Kama elimu si haki ya msingi, na kama wasio na kibali si kundi lenye ulinzi wa pekee, basi yatosha jimbo kuwa na sababu ya maana, na kubana matumizi ya fedha za umma ni sababu ya maana. Uzembe wa Bunge la taifa katika kulishughulikia suala la wahamiaji, kwa maoni yake, hauwapi majaji ruhusa ya kulishughulikia badala yake.

Baada ya dakika kumi na tano makundi yabadilishane. Kila mwanafunzi aandike aya moja kutetea upande ambao haukuwa wake, kwa namna ambayo wenye upande huo wangeikubali. Zoezi hili ni gumu, na mwalimu asilipunguze. Asiyeweza kueleza hoja ya mpinzani wake bila kuidhalilisha hajaielewa.

HATUA YA TATU: VIKAPU VITATU

Mwalimu aandae sentensi kama hizi kwenye karatasi ndogo:

(a) Neno “mtu” halina maana ya “raia” peke yake.
(b) Shule zimejaa, na fedha hazitoshi.
(c) Mambo ya wageni ni ya Bunge la taifa, si ya jimbo.
(d) Mtoto asiadhibiwe kwa kosa la mzazi wake.
(e) Jaji asirekebishe makosa ya wabunge.

Wanafunzi wazipange katika vikapu vitatu: wema, maana ya sheria, na mamlaka. Sentensi (a) itaingia upesi katika kikapu cha maana, na (c) pamoja na (e) katika kikapu cha mamlaka. Sentensi (b) itazua ubishi, nayo (d) itazua ubishi mkubwa zaidi. Ni kanuni ya uadilifu, lakini Brennan aliitumia kama sehemu ya hoja ya kisheria. Wengine watasema huko ni kuingiza wema mahali pa sheria; wengine watasema ulinzi sawa hauwezi kufahamika bila wazo la haki.

Mwalimu asilifunge swali hili. Hapa ndipo hasa wanasheria wenyewe wanapogawanyika, na mwanafunzi aliyefika hapa kwa miguu yake amefika mbali. Vikapu havikusudiwi kuonyesha kwamba sheria na siasa hazigusani kamwe. Vinakusudiwa kumwonyesha mwanafunzi mahali zinapogusana, ili asiseme zinagusana kila mahali.

YALIYOFUATA

Kipindi kimalizike kwa kuonyesha kwamba hukumu haikuyazima mabishano. Mwaka 1994 wapiga kura wa California walipitisha pendekezo namba 187, lililokusudia, pamoja na mengine, kuwatoa shuleni watoto wasio na kibali, mahakama zikalizuia. Mwaka 2011 Alabama ilitunga sheria iliyozitaka shule zichunguze hali ya kisheria ya wanafunzi wapya. Mwaka 2012 mahakama ya rufani ikakizuia kifungu hicho. Mwaka 2022 Gavana wa Texas, Greg Abbott, alisema hadharani kwamba angependa hukumu ya 1982 ipingwe upya. Wanafunzi waulizwe: Asiyeridhika na tafsiri ya mahakama ana njia gani za halali?

TAHADHARI

Mwalimu asimtake mwanafunzi yeyote aeleze kwao wapi, au wazazi wake walifikaje. Katika madarasa ya mikoa ya mipakani hasa, yumkini mtoto aliyeketi dawati la nyuma ana sababu ya kuogopa swali hilo, na mara akiogopa, somo limekwisha kwake. Kesi ya mbali imechaguliwa kwa makusudi, ili mtu aweze kufikiri bila kulazimika kujitetea. Mwanafunzi akitumia lugha ya kuwatusi wageni, mwalimu amrudishe kwenye hoja: “Hilo linaingia kikapu gani?” Mara nyingi ataona mwenyewe kwamba haliingii popote.

TATHMINI

Swali la majaribio liwe moja: “Jaji anaichukia sheria fulani lakini anasema ni halali. Eleza, kwa mfano wa Plyler dhidi ya Doe, jambo hilo linawezekanaje, na useme kama unakubaliana na jaji wa namna hiyo.” Alama zitolewe kwa usahihi wa maelezo, kwa haki aliyotendewa mpinzani, na kwa nguvu ya sababu. Zisitolewe kwa upande uliochaguliwa. Wawili wanaopingana wanaweza wote kupata alama za juu, na ni vema darasa lizisikie kazi zao zikisomwa moja baada ya nyingine.

HITIMISHO

Sheria ya Texas ingalikuwa imesimama, mtu wa kwanza kuitekeleza asingalikuwa askari wa mpakani, bali karani wa shule mwenye daftari la uandikishaji, na nyuma yake mwalimu. Kwa sababu hiyo peke yake mwalimu hana budi kujua namna sheria inavyosomwa. Anayetarajiwa kuitekeleza sheria mlangoni mwa darasa lake anapaswa aweze kuuliza inasema nini, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuisema, na kama ni njema; tena aulize kwa mpangilio, bila kulichukua jibu la swali moja kuwa ndilo jibu la jingine.