Tuombe Mvua, Tulinde Majani Makavu

Somo la wiki: 1 Wafalme 18:41-46, Kutoka 22:6, Yakobo 5:17-18



Tumo katika majira ambayo anga la Johannesburg lina rangi ya vumbi. Majani yaliyouawa na baridi ya Juni na Julai yamekauka, upepo wa Agosti umefika, na mara kwa mara tunaona upande fulani wa jiji unafuka. Nguo tulizoanika zinanuka moshi. Watoto wanakohoa usiku, na ndugu zetu walinzi wanarudi kutoka zamu macho yakiwa mekundu. Ndiyo maana tunaomba mvua. Leo tujifunze inampasa nini mtu anayeomba mvua.

1. Tuijue nchi tunayoishi

Tuliotoka pwani tumezoea masika na vuli. Waliotoka Lubumbashi wanajua kiangazi kirefu na moto wa porini. Hapa Johannesburg mvua ni ya majira ya joto, kuanzia karibu Oktoba hadi Machi au Aprili, na mara nyingi hunyesha alasiri pamoja na radi. Kuanzia Mei hadi Septemba hunyesha kidogo sana.

Tena, usiku wa baridi ardhi hupoa upesi. Hewa baridi hulala chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa porini, wa mbaula na wa magari hukosa pa kutokea. Kwa hiyo huwa mzito jioni na alfajiri, kisha hupungua mchana jua likishapasha ardhi.

2. Eliya aliomba, na alituma mtu kutazama

Nchi ya Israeli ilikuwa imekauka hata mfalme Ahabu mwenyewe akatoka kutafuta majani ya farasi na nyumbu. Eliya alipanda Karmeli, akainama hata uso ukawa kati ya magoti. Lakini hakuishia hapo. Alimtuma mtumishi wake akatazame upande wa bahari. Mtumishi akarudi na kusema hakuna kitu. Akatumwa tena, mara saba. Mara ya saba aliona wingu dogo kama mkono wa mtu, na Eliya akampelekea Ahabu habari atengeneze gari lake mapema.

Wazee wetu husema dalili ya mvua ni mawingu. Eliya alianza kuomba kabla ya dalili yoyote, na wakati wa kungoja hakuketi bure. Yakobo anatukumbusha kwamba alikuwa mwanadamu kama sisi. Basi nasi tunaweza kuomba na kufanya kazi kwa pamoja.

3. Aliyewasha ndiye anayelipa

Katika Kutoka 22:6 Mungu anatoa sheria juu ya moto. Mtu akiwasha moto, ukashika miiba na kuteketeza mazao ya jirani, atalipa. Andiko haliulizi kama alikusudia. Linauliza ni nani aliyewasha. Afrika Kusini nayo ina sheria ya mwaka 1998 juu ya moto wa porini. Inamtaka mwenye ardhi afyeke ukanda wa kuzuia moto usivuke kwenda kwa jirani, na inakataza kuwasha moto wa nje siku zilizotangazwa kuwa za hatari.

Neno hili linatugusa. Wengi wetu hupanda vilima vya Yeoville na Observatory kuomba usiku. Ni desturi njema. Lakini mshumaa uliosahauliwa kwenye majani makavu, au kuni za kuota moto wakati wa mkesha, vinaweza kuteketeza kilima kizima na kufika kwenye nyumba za watu. Hatuwezi kumwomba Mungu mvua huku mikono yetu inaleta moto. Tukipanda kilimani, twende na tochi na mablanketi.

4. Kazi ya wiki hii

Tufunge madirisha jioni na alfajiri, tuyafungue mchana moshi ukipungua. Kitambaa chenye maji chini ya mlango husaidia. Kitambaa cha usoni hakizuii chembe ndogo za moshi. Barakoa ya N95 inayobana vizuri ni bora zaidi.

Tusilale na mbaula chumbani. Hata makaa yaliyo mekundu bila moshi hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Mwenye pumu aweke dawa yake karibu. Akishindwa kupumua au kuongea, tusingoje ibada iishe ndipo tumpeleke hospitali. Tukiona moto porini, tupige 112 kwa simu ya mkononi.

Tena, kama mtumishi wa Eliya, twende kutazama mara kwa mara: mzee anayeishi peke yake, mama mwenye mtoto mchanga, mlinzi aliyekesha nje. Tukikuta hakuna tatizo leo, twende tena kesho.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini Eliya hakukata tamaa mtumishi aliporudi mara sita bila habari?
2. Katika nyumba yetu, ni moto gani unaoweza kumdhuru jirani?
3. Ni nani tutakayekwenda kumtazama wiki hii?

Tuombe

Baba, unawanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Ikumbuke nchi hii iliyotupokea. Walinde wanaozima moto na wanaolala nje. Utupe mvua kwa wakati wake, na hadi itakaponyesha utufanye walinzi wa jirani zetu. Kwa jina la Yesu, Amina.