SOMO: THELUJI MLIMANI, MVUA BONDENI



Somo la safari hii ni la madereva na matingo wanaoshuka mpaka Durban. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo baridi ni jambo la kuvaa sweta tu, na tukisikia theluji twadhani ni habari za Ulaya. Sivyo. Afrika Kusini ina majira yake ya baridi, kuanzia Juni, na theluji huweza kuanguka hata Septemba. Tufani ya huko huleta mambo matatu kwa pamoja: theluji milimani, mvua mabondeni na upepo mkali.

Wingu ni lile lile moja. Lakini kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Mji wa Ladysmith uko mita 1,000 hivi juu ya bahari. Barabara ya N3 ikifika Van Reenen imepita mita 1,600. Basi kama Ladysmith ni digrii 3 na mvua inanyesha, huko juu ni chini ya sifuri, na maji yale yale yanaanguka kama theluji. Aliye bondeni haoni ila mvua ya kawaida. Aliye ofisini haoni hata hiyo mvua.

Tarehe 20 na 21 Septemba 2024 theluji iliifunga N3 sehemu za Van Reenen na Harrismith. Watu wengi walilala ndani ya magari na malori. Juni 2025 ikawa zamu ya jimbo la Eastern Cape: theluji milimani, na kule Mthatha mito ikafurika. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto wa shule waliosombwa na maji katika basi dogo, pamoja na dereva wao.

Kuhusu upepo, tela tupu lenye turubai ndilo la kuogopa kuliko lenye mzigo, maana hugeuka kuwa tanga.

Na ukikwama kwenye theluji, usilale injini ikinguruma. Theluji huziba bomba la moshi, na moshi ukarudi ndani. Una sumu isiyo na harufu, humwua mtu usingizini. Washa kwa muda mfupi tu, baada ya kuchimbua bomba, na dirisha uliache wazi kidogo. Jiko la mkaa ndani ya kebini lina sumu hiyo hiyo. Tunajua wako wanaofanya hivyo.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe. Madereva tuliokaa nao wanasema kwamba wakisimama tu, simu inalia: mbona gari haliendi? Mwenzetu mmoja alikatwa posho ya siku mbili kwa kungoja chini ya mlima, na barabara yenyewe ilikuwa imefungwa na polisi!

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, kifungu cha 13, unasema mfanyakazi anayeiacha kazi kwa sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu kwa maisha au afya yake, alindwe asidhurike kwa uamuzi huo. Afrika Kusini iliuridhia mwaka 2003. Lakini tajiri anayekata posho yuko huku kwetu, na mapatano tuliyotia sahihi naye ni ya huku.

Kwa hiyo kila tawi lifungue mapatano yake kabla ya Juni, wanachama wayasome pamoja, na mtuletee jibu: gari likisimama kwa tufani, nani anaamua, na siku hiyo inalipwa na nani?